Karatasi ya Kamyo Niliyokataa Kusomewa

Ruashi, Élisabethville
Jumapili, baada ya chakula cha mchana

Mwanangu Kalenga,

Mama yako amekuchukua kwenda kuaga watu wa Katuba, na nyumba imebaki kimya. Mtarudi jua likishuka. Nina saa tatu, pengine nne, na sikumbuki barua niliyoiogopa kama hii. Naandika Kiswahili cha mapadri, kile walichotufundisha misioni, kwa sababu kile tunachosema kila siku sijui kukiweka kwenye karatasi. Ukiona nimekosea, endelea tu kusoma.

Habari za blanketi, sabuni, Misa, na nani atakupikia, mama yako ataziweza. Mimi nina jambo moja. Nimelibeba miaka kumi na mmoja.

Siku uliyoleta habari kwamba umepata kazi ya kalani huko Jadotville, kwenye bilo, ofisi wanapoandika motokari na kutoa plake za namba, mama yako alipiga vigelegele mpaka majirani wakaja. Mimi nilitoka nikasimama nyuma ya jiko. Ulinifuata, ukadhani nalia kwa furaha, ukaniacha kwa heshima. Haikuwa furaha. Nilikuwa nimewaza mambo mawili kwa pamoja: kwamba mtoto wangu anakwenda kukaa nyuma ya gishe, dirisha la kalani, kama ile iliyonishinda mimi, na kwamba Jadotville ndiko anakoishi Kazadi.

Unamkumbuka. Yule fundi wa kushona, mtu wa Kasai, mrefu, aliyekaa mlango wa pili kutoka kwetu tulipokuwa tukikaa mtaa wa cité Albert. Ulimwita baba mudogo. Ndiye aliyekushonea kaptula ya kwanza ya shule, na ndiye aliyekufundisha kuhesabu kwa Kifaransa, mkiokota vifungo vilivyoanguka sakafuni. Ulikuwa na miaka saba alipoondoka. Uliponiuliza amekwenda wapi, nilikuambia amehama. Halafu siku moja ulirudi kutoka bombani na maneno ya watoto wenzako: Kazadi ni mwizi, aliiba kamyo, wakamtia buloko, gerezani huko Kasenga. Ulisimama mbele yangu ukaniuliza kama ni kweli. Nilikuwa nanyoa ndevu. Sikujibu, nikaendelea kunyoa, na wewe ukaelewa kwamba kunyamaza kwangu ni ndiyo.

Kazadi hakuiba kitu, Kalenga. Kamyo, lori la mizigo, ilikuwa yetu sisi wawili, na kosa lilikuwa langu.

Wakati ule nilikuwa dereva wa mfanyabiashara mmoja mzungu. Nilimletea samaki kutoka Kasenga kwa njia ya Kasomeno, kiangazi na masika. Njia ile niliijua mashimo yake yote, na kila shimo lilinikumbusha kwamba ninavunja mgongo juu ya kamyo ya mtu mwingine. Basi mzungu mwingine wa samaki akawa anafunga biashara yake arudi kwao, akauza kamyo yake. Ilikuwa kuukuu, mlango mmoja umefungwa kwa waya, lakini nilipoisikiliza injini nilijua bado ni nzima. Fedha yangu haikufika. Kazadi alikuwa na mashini mbili za kushona. Aliuza moja, ile mpya, akaleta fedha akaiweka juu ya meza yetu bila kuandikiana chochote. Akaniambia kwamba mimi najua njia, yeye anajua kusoma na kuuza, kwa hiyo hatutashindwa.

Neno lile la kusoma lilinichoma. Nilikuwa nimewaacha watu wote waamini kwamba najua Kifaransa. Dereva wa mzungu, watu walisema, lazima anajua. Kweli nilijua Kifaransa cha barabarani: kushoto, kulia, simama, upesi, mpumbavu. Kukisoma, sikukijua hata kidogo. Hata mama yako hakufahamu. Jumapili nilikuwa nanunua gazeti la wazungu, nakaa nalo mlangoni, nageuza kurasa kwa nafasi. Ukicheka, cheka. Mimi sasa siwezi kucheka.

Kazadi alitaka tuende pamoja kuandikisha kamyo. Nilimwambia abaki na kazi yake, hilo ni jambo la madereva. Nikaenda peke yangu, nimevaa shati jeupe, na karatasi ya mauzo imetiwa sahihi na yule mzungu.

Kalani aliyekuwa kwenye gishe alikuwa kijana kama wewe sasa, safi, kola ngumu. Aliisoma karatasi yangu, kisha akaanza kunieleza kwa Kifaransa yote ninayopaswa kulipa. Alikuwa anahesabu kwa vidole, na niliona amekunja vidole vinne. Nilishika jambo moja tu. Mengine yalinipita kama motokari zinavyompita mtu anayetembea kwa miguu. Nyuma yangu walikuwa wamepanga mstari wenye maduka na madereva niliojuana nao. Mtu mmoja akakohoa. Ningeweza kusema, naomba unirudilie kwa Kiswahili. Ni maneno machache. Badala yake nilisema, "Oui, monsieur," nikatoa falanga za lile jambo moja. Akapiga muhuri juu ya karatasi moja ya kijani, akanipa, akamwita mwingine.

Muhuri ule ulinilevya. Nilidhani kuandikisha motokari ni kama kununua chumvi dukani: umelipa, umepewa, imekwisha.

Nilimkuta Kazadi mlangoni kwetu ananingoja, sindano bado imechomwa kwenye kola ya shati lake. Alinyoosha mkono.

"Leta nisome," akasema. "Tuone kama iko sawa."

"Nilisha kusoma," nikamwambia. "Kila kintu iko sawa."

Nikaikunja, nikaitia mfukoni. Alinitazama kidogo, akacheka, akanipiga begani, tukaingia ndani kula.

Baada ya majuma matatu nilirudi bilo kuulizia plake mpya, kwa sababu kamyo ilikuwa bado na ile ya yule mzungu. Kalani yuleyule aliitazama karatasi ya kijani, akaniuliza ziko wapi nyingine. Safari hii alisema polepole zaidi, kwa hasira, na nikaelewa nusu: nilicholipa ni cha kupimisha kamyo tu, na kamyo yenyewe sijaileta ipimwe. Tena kuna taxe, kodi ya serikali. Nilisikia taxe ya mwaka huu, nikasikia na ya mwaka uliopita, ya mwenye kamyo wa zamani. Hapo sikusikia tena. Nilijiona nimewekewa mlima mbele ya macho, na sikuuliza mlima una urefu gani. Nilisema ndiyo, bwana, nitarudi. Sikurudi.

Ukiwa kazini kwako utawaona watu kama mimi. Mtu akikuitikia upesi sana, usimwamini. Pengine hajasikia ila neno moja na ameshikwa na haya. Mwambie yote kwa pamoja, kwa lugha anayosema nyumbani kwake, na umwambie pia mwisho wake ni wapi. Mtu akijua mwisho wa malipo hata yakiwa mazito atatafuta njia. Asipoujua, atakimbia. Hilo sikulipokea kutoka kwa mtu mwingine, nimelijua kwa kukimbia mimi mwenyewe.

Tuliendesha hivyo miezi minne, na plake ya mtu aliyekwisha kuondoka Kongo. Kazadi hakujua. Alikaa kando yangu, magoti yamegusa mbele kwa urefu wake, akipanga bei za samaki kwa sauti, akisema mwaka ujao tutanunua ya pili. Mimi nilikuwa nahesabu kilometa za kufika Kasomeno. Pale kulikuwa na bariere, mti unaolazwa katikati ya njia, na polisi wawili. Nilijua saa wanayokula. Nilijua yupi anapenda samaki yupi. Kila mara mti ule ulipoinuliwa niliondoa kamyo upesi, na Kazadi akiniuliza mbona nimenyamaza, nilimwambia nasikiliza injini. Nilimfundisha kuendesha katika safari zile. Akapata ruhusa yake ya udereva kwa njia iliyonyooka, siku mbili tu, kwa sababu aliuliza kila alichotaka kujua.

Sasa nafika mahali nilipotaka kuparuka. Nimesimama mara mbili nikaenda kunywa maji.

Jumanne moja, kwenye karakana, dereva mmoja alitueleza sisi madereva, Kazadi hakuwapo, kwamba teritware, serikali ya wilaya, imeleta mzungu mpya kwenye bariere ya Kasomeno. Ana orodha ya plake. Zile za watu waliofunga biashara zimepigwa mstari, na anazitazama kamyo zote bila kuchagua, hapokei samaki wala salamu. Nilisikia kwa masikio yangu haya. Safari yetu ilikuwa Alhamisi. Samaki walikuwa wamekwisha kuagizwa.

Jumatano nilipata homa. Ilikuwa homa ya kweli, mama yako atakuambia, kichwa kiliuma na meno yaligongana. Lakini, mwanangu, nilikuwa nimeendesha kamyo na homa kali kuliko ile, tena mara nyingi. Alhamisi alfajiri Kazadi alikuja kunichukua, akanikuta chini ya blanketi mbili. Aliniwekea mkono kwenye paji la uso. Akasema nilale, atakwenda mwenyewe, njia sasa anaijua. Nilikuwa na nafasi ya kumwambia. Alikaa kwenye ukingo wa kitanda chetu muda wa kutosha kunywa kikombe cha chai. Aliuliza karatasi iko wapi, kwa sababu atasimamishwa pengine. Nilimwonyesha koti langu lililoning'inia ukutani. Aliichukua bila kuikunjua, akaitia mfukoni, akaondoka. Niliisikia kamyo inavyowaka, inavyozunguka kona. Nilijifunika kichwa.

Aliyeniletea habari ni Mama Ngosa, yule mwanamke wa Luapula aliyekuwa akituuzia samaki. Alikuwa amepanda kamyo yetu wakati wa kurudi, na vikapu vyake. Alifika Ijumaa jioni kwa motokari ya watu wengine, akaketi, akaeleza polepole. Wakati wa kwenda Kazadi alikuwa amepita Kasomeno bila shida kwa sababu yule mzungu hakuwapo. Wakati wa kurudi alikuwapo. Alitazama plake, akatazama orodha yake, akamwambia Kazadi ashuke. Kazadi alishuka anatabasamu, akamwambia kwa Kifaransa kwamba kila kitu kiko sawa, mwenzake aliandikisha, karatasi ni hii. Mzungu akamrudishia ile karatasi akamwamuru aisome kwa sauti mbele ya polisi.

Mama Ngosa alisema Kazadi alianza kusoma kwa sauti nzuri, kama mtu anayesoma Epistola kanisani. Halafu sauti ikapungua. Akairudia kimya, midomo yake ikitembea. Kisha akaikunja vizuri.

Wakamuuliza kamyo ni ya nani. Akasema, "Ni yangu." Wakamuuliza kama kuna mwingine. Akasema hakuna.

Nilimuuliza Mama Ngosa kama alitaja jina langu. Akatikisa kichwa. Mama yako alikuwa amesimama mlangoni, na sufuria mkononi. Hapo ndipo aliposikia kwamba karatasi haikuwa sawa. Hakunipigia kelele. Aliniambia tu niende. Homa ilikuwa imekwisha kushuka, na sote wawili tulijua.

Sikwenda Jumamosi. Sikwenda Jumapili. Nilijiambia kwamba nikienda mikono mitupu watatufunga wawili, na nyumba ina watoto watano. Jumatatu nilikwenda bilo, nimefikiri kwamba nikilipa yote, mlima wote, watamwachia. Nilikuwa nimeuza baiskeli na nimekopa. Kwenye gishe hakuwa yule kijana. Alikuwa kalani mzee, mtu wa kwetu kaskazini, miwani imefungwa kwa uzi. Nilikuwa nimechoka kuona haya. Nikamwambia, baba, sijui kusoma hii, nieleze kama mtoto.

Alinieleza. Akaniambia kuna vitu vinne. Cha kwanza, kumtoa mwenye kamyo wa zamani na kuniandika mimi. Karatasi yangu ya mauzo inatosha, inataka tembre tu, stempu ya serikali. Cha pili, kupimisha breki na taa. Hicho nilikwisha kulipa siku ile, nilipaswa tu kuileta kamyo. Cha tatu, taxe ya mwaka, kwa uzito wa kamyo. Nikamuuliza, na ile ya mwaka uliopita, ya yule mzungu? Akafungua daftari, akapita na kidole, akaniambia ile alilipa mwenyewe kabla ya kuondoka, hainihusu. Cha nne, plake yenyewe, bati na rangi, ndiyo rahisi kuliko vyote.

Akajumlisha kwa penseli, akageuza karatasi nione. Kalenga, ilikuwa chini ya faida ya safari moja ya samaki. Safari moja. Tulikuwa tumefanya kumi na moja.

Maelezo yake hayakuchukua hata muda wa kuvuta sigara moja. Nilishika ukingo wa gishe. Aliniuliza kama naumwa.

Nilimweleza kwamba kamyo imeshikwa. Akanipokelea fedha ya tembre na ya taxe, akaniandikia karatasi ya kuonyesha, na kuniambia vitu viwili vilivyobaki vitangoja kamyo irudi. Nikapata nafasi juu ya motokari ya mizigo, Jumatano nikafika Kasenga. Hapo ndipo nilipotenda lile ambalo kwangu ni baya kuliko la blanketi.

Kazadi alikuwa amekwisha kuhukumiwa Jumatatu. Miezi miwili, na fimbo. Fimbo zilikuwa zimekwisha kupigwa. Mzungu wa teritware alitazama karatasi zangu mpya akasema ni nzuri, kamyo naweza kuichukua nikilipa faini, lakini aliyeendesha na plake ya uongo aliendesha kabla ya karatasi hizi. Kisha akaniuliza, kwa Kiswahili chake kilichovunjika, kama mimi, mwenye kuandikwa sasa, nilijua siku ile kwamba kamyo haikuandikishwa.

Dirisha la bilo yake lilitazama uani. Kazadi alikuwa pale na wafungwa wengine wanakata majani. Alikuwa anainama kwa shida. Hakuniona.

Nikasema, "Hapana, bwana. Sikujua."

Nililipa faini. Niliendesha kamyo kurudi nyumbani. Samaki walikuwa wameoza, nikawatupa kabla ya Kasomeno.

Watu wa cité Albert waliona kamyo imerudi na mimi, na Kazadi amebaki buloko. Wakapanga hadithi wenyewe. Wakasema aliichukua nikiwa mgonjwa aende kuiuza. Wengine wakasema, bantu ya Kasai njo bale, watu wa Kasai ndivyo walivyo, na tangu siku hizo mpaka leo unasikia maneno hayo yanavyozidi mjini. Nilikuwa mtu mmoja tu niliyeweza kuwazuia. Nilikuwa napita, nawasalimia, nasema habari ya asubuhi.

Alitoka baada ya miezi miwili. Alikuja kwetu mchana, mama yako alikuwa sokoni na ninyi shuleni. Alikuwa amekonda, na shati halikumkaa, yeye aliyeshonea watu wote. Nilikuwa nimetayarisha maneno mengi. Hakukaa. Nilimuuliza kwa nini alisema kamyo ni yake peke yake.

"Ulikuwa na homa," akaniambia. "Nilizania, bakikutia buloko na ile homa, utakufa. Muntu wa homa habezi kumupiga fimbo."

Nilimsogezea kiti. Alingoja. Nadhani alikuwa ananipa nafasi, sijui. Kisha akasema jambo la pili, bila hasira:

"Kama uliniambia haujue kusoma, ningekusomea. Singecheka."

Akarudi kwake, akachukua mashini yake moja iliyobaki, akaipakia juu ya kigari cha kuazima, akaenda. Nilimpelekea fedha ya sehemu yake ya kamyo mara mbili kwa mkono wa watu, ikarudi mara mbili. Kamyo ile niliiendesha miaka minane. Ndiyo iliyokulisha, ndiyo iliyolipa shule kwa Mafurere, wale watawa wa misioni, ndiyo uliyokuwa unaiosha Jumamosi ukiimba. Sitaki uone haya kwa sababu ya kusoma kwako. Wewe hukuiba kitu. Lakini ni haki yako kujua nani alilipia.

Mpaka leo Kazadi anaamini kwamba nilikuwa mgonjwa wa kufa. Hajui kwamba nilisikia habari ya orodha Jumanne. Hilo limekuwa kati yangu na Mungu na, tangu saa hii, wewe.

Baada ya kuondoka kwake nilikwenda kwa yule kalani mzee kila Jumamosi, mwaka mzima, kujifunza kusoma Kifaransa. Alinifundisha kwa karatasi zake za kazi. Karatasi ya kwanza niliyoisoma mpaka mwisho bila msaada ni ile ya kijani, maana Kazadi alikuwa ameirudisha mfukoni mwa koti langu alipokuja siku ile, sikumwona akifanya hivyo. Iliandikwa wazi, mstari wa tatu: karatasi hii si ruhusa ya kuendesha. Maneno machache. Angenisomea pale mlangoni, tungecheka, tungerudi bilo kesho yake.

Nimefikiri sana jinsi ya kukupa barua hii. Kwanza nilitaka kuificha kati ya mashati yako uikute umefika. Halafu nikaona ni kujifunika blanketi tena. Nitakupa mkononi leo, mkirudi, kabla ya chakula. Nitakaa hapa mezani usome. Ukiwa na la kuniuliza, uliza, nitajibu, hata mbele ya wadogo zako.

Kuna jambo moja zaidi, mama yako tu ndiye anayelijua. Jana nilipokwenda stesheni kukukatia tikiti, nilikata mbili. Sikusindikizi, wewe ni mtu mzima, utakwenda kwenye bilo yako peke yako. Nimeambiwa Kazadi ana duka dogo la kushona karibu na soko la Jadotville. Nitakwenda pale. Sijui kama atanifungulia, na sitaki umtafute kabla yangu, wala umwombe chochote kwa ajili yangu. Nikirudi, Jumapili ijayo baada ya Misa, nitasimama na wazee wa cité Albert waliobaki, niwaambie walichotakiwa kuambiwa zamani.

Gari la moshi linaondoka kesho saa moja asubuhi. Ukiisha kusoma haya, pengine hutapenda kukaa na mimi njia nzima. Usiogope kuniambia. Mabehewa ni mengi, nitapanda la nyuma.

Nasikia sauti ya mama yako njiani.

Baba yako,
Ilunga